Nimebakiza wiki 13 kupanda Kilimanjaro: raba zangu zitatosha?

*Assalaam aleikum washauri,*

*Mimi ni mhasibu, nina miaka 36, naishi Tabata, Dar es Salaam. Ofisini tumejiunga watu tisa kupanda Mlima Kilimanjaro kwa njia ya Marangu, tuwe kileleni tarehe 9 Desemba, Siku ya Uhuru. Zimebaki wiki 13. Mratibu wetu amepata bei mbili: ya siku tano, tukianza tarehe 6, na ya siku sita ambayo imezidi kidogo. Wenzangu wengi wanataka tano, wanasema hiyo siku ya ziada ni ya kulala tu Horombo.*

*Kazi yangu ni ya kukaa. Natembea dakika 20 kwenda kituo cha daladala, jioni narudi, basi. Goti la kulia linaniuma nikishuka ngazi, nikipanda haliumi. Mwenzetu mmoja anakimbia kilomita 10 kila asubuhi, na alisema sisi wengine tutamchelewesha. Maneno yale yameniingia.*

*Kwa vifaa nimetenga laki sita. Nina raba nzuri za mazoezi. Soko la Karume nimeona buti za mtumba, zimenikaa vizuri na zinaonekana kama hazijawahi kuvaliwa. Mwingine ananiambia mbona wapagazi wanapanda na raba, nisipoteze hela. Navaa hijabu na magauni marefu, sijui mlimani nitavaaje. Halafu zile dawa za mwinuko, Diamox, nimeze au nisimeze? Mdogo wangu wa kike ana selimundu (sikoseli), ila mimi sijawahi kuugua.*

*Nataka nifike, na nishuke kwa miguu yangu, nisishushwe kwa machela.*

*Mhasibu, Tabata*

Waalaikum salaam dada yetu,

La mdogo wako umeliweka mwishoni, sisi tunaanza nalo. Kwa kawaida mtoto huzaliwa na selimundu pale anaporithi kwa baba na kwa mama, wote wawili. Maana yake wewe pia unaweza kuwa umerithi upande mmoja na ukaishi miaka 36 bila kuugua hata siku moja. Huku pwani upande mmoja kwa kawaida hausumbui. Juu, oksijeni inapopungua, chembe nyekundu za mtu wa namna hiyo zinaweza kujikunja na kuziba mishipa ya bandama. Anayepatwa husikia maumivu makali upande wa kushoto chini ya mbavu, akadhani ni gesi au msuli umevutika. Wengi wanaobeba selimundu hupanda na kurudi salama, lakini ni lazima ujue kabla. Wiki hii nenda hospitali upime selimundu, himoglobini na presha. Himoglobini ndiyo inayobeba oksijeni, na ikiwa chini, mara nyingi wiki 13 zinatosha kuitibu. Ikionekana unabeba selimundu, zungumza na daktari kabla hujalipa chochote, na siku ya safari mwambie mwongozaji. Maumivu ya upande wa kushoto yakianza, mnashuka saa hiyohiyo.

Sasa hiyo siku ya sita. Tunakuomba uipiganie ofisini kuliko kitu kingine chochote, hata ikibidi upunguze hizo laki sita. Geti la Marangu liko kama mita 1,880 juu ya bahari. Vituo vya kulala njiani ni Mandara, mita 2,720, Horombo 3,720, na Kibo 4,720. Zitazame hizo namba: kila mnapolala mnakuwa mmeongeza takriban mita elfu moja. Ushauri wa kawaida wa madaktari wa milimani ni kwamba ukishavuka mita 3,000, usiku mmoja usipande zaidi ya mita 500 kuliko ulipolala jana yake. Njia ya Marangu inauvunja ushauri huo hata kwa siku sita, na kwa siku tano inauvunja mara mbili mfululizo bila kupumua. Siku ya kukaa Horombo si ya kulala. Asubuhi mnapanda hadi Zebra Rocks, kama mita 4,000, mnakaa kidogo, kisha mnarudi Horombo kula na kulala. Mwili unajifunza kupumua kwa kasi zaidi, na figo zinairekebisha damu iendane na upumuaji huo. Kazi hiyo inachukua siku, na hakuna zoezi la Dar es Salaam linaloweza kuifanya.

Hapo ndipo tunapotofautiana na mkimbiaji wenu. Pale kileleni, Uhuru, mita 5,895, hewa ina oksijeni ileile ya asilimia 21, ila mgandamizo wake ni karibu nusu ya ule wa pwani, kwa hiyo kila pumzi inaleta karibu nusu. Mapafu ya mkimbiaji yanampa nguvu ya kwenda, hayamkingi na ugonjwa wa mwinuko. Wakati mwingine wenye nguvu ndio wanaoanza kuumwa kichwa mapema, kwa sababu wanapanda haraka kuliko wenzao. Mwambie atembee nyuma yako.

Kalenda yenu basi iwe hivi: tarehe 5 mlale Mandara, tarehe 6 na 7 Horombo, tarehe 8 Kibo. Usiku huohuo mnaondoka, tarehe 9 asubuhi mko juu na jioni mko Horombo, tarehe 10 mnatoka getini. Ni siku moja tu ya likizo mnayoongeza. Siku za Uhuru vikundi huwa vingi, na Marangu mnalala kwenye vibanda vyenye vitanda vinavyohesabika, kwa hiyo nafasi zishikwe mapema.

Tuje kwenye buti za Karume. Usizinunue kabla hujazipima hivi. Shika buti moja, tazama kati ya ngozi ya juu na soli nyeusi ya chini. Kwenye buti nyingi kuna tabaka la sponji ngumu hapo, mara nyingi ya poliyurethani. Sponji hiyo huliwa na unyevu wa hewa hata kama buti limekaa kabatini, na joto huharakisha. Ndiyo maana buti la miaka 10 ambalo halijavaliwa ni la kuogopwa kuliko lililovaliwa mwaka mmoja. Bonyeza sponji kwa ukucha wa dole gumba. Ikiacha shimo lisilorudi, au ukiona nyufa nyembamba kama nywele, au unga ukabaki kidoleni, lirudishe mezani. Likunje kwa nguvu kama mguu unavyokunja vidole, usikilize kama linalia kavu. Inua ulimi wa buti utafute kitambaa kidogo chenye namba ya saizi, wakati mwingine na tarehe ya kutengenezwa ipo. Buti lililooza hivyo huachia soli nzima kwa ghafla, njiani, na fundi viatu hawezi kukuokoa maana gundi yake itashika unga.

Zikifaulu, zipime mguuni saa za jioni, miguu ikiwa imevimba kwa siku nzima, ukiwa umevaa soksi utakazopandia. Kabla ya kufunga kamba, sukuma mguu mbele hadi vidole viguse. Kidole kimoja cha mkono kipite nyuma ya kisigino. Funga, kisha simama kwenye mteremko au kitu kilichoinama, uelekee chini. Vidole vikigusa mbele, ongeza nusu saizi. Kisigino kikipanda na kushuka unapotembea, buti hilo si lako hata liwe zuri vipi. Ukikosa la mtumba lenye uhakika, nunua jipya, hata nusu ya laki sita ikiishia hapo na kwenye jozi tatu za soksi za sufu. Ukishalipata, litembelee kilomita 60 hadi 80 kabla ya Desemba. Malengelenge yatakayokuja yaje Tabata.

Kuhusu wapagazi na raba: wengi huvaa raba kwa sababu ndicho walichonacho, na wengi wao hubaki Kibo wakati ninyi mnaondoka usiku kwenda kileleni. Desemba mvua za vuli zinaweza kuwa bado zipo, msituni kuna tope, na juu ya Kibo kokoto zinateleza na baridi inaweza kushuka hadi nyuzi 15 chini ya sifuri. Raba zako zibebe tu, utazivaa jioni vibandani ili miguu ipumzike.

Kwa nguo, mtumba ni rafiki yako kweli, na hapa hela nyingi utaziokoa. Unachokikimbia ni pamba. Fulana ya pamba ikinyonya jasho haikauki, na mkisimama kidogo tu inageuka barafu mgongoni. Tafuta fulana mbili za michezo za polista za mikono mirefu, nguo za ndani za joto jozi moja juu na chini, sweta moja la manyoya laini ya polista na lingine la sufu, suruali mbili nyepesi zinazokauka haraka, na moja nzito ya theluji. Koti la mvua ndilo la kukagua sana. Geuza ndani nje, tazama ule utepe uliobandikwa juu ya mishono. Ukibanduka, au bitana ikiwa inanata na kutoa magamba meupe, koti limekufa. Lililobaki limwagie kikombe cha maji begani, shika kwa ndani dakika mbili, usikie kama mkono unalowa.

Hijabu isikutie shaka. Chukua zile za michezo za kitambaa chepesi cha kuvuta, tatu, ambazo zinavaliwa bila pini, na mzula unakaa juu yake vizuri. Ncha ndefu zote ziingie ndani ya koti, kwani upepo wa Kibo unazitafuta. Gauni refu acha. Pindo likilowa tope linakuwa zito, na usiku, kwa mwanga wa tochi, utalikanyaga. Vaa shati pana la polista linalofika magotini juu ya suruali, lenye mpasuo pembeni ili hatua isikatwe.

Vitu vizito na vya bei kodisha Moshi au Marangu: begi la kulalia, jaketi la manyoya ya ndege, fimbo mbili za kutembelea, na vile vifuniko vya kuzuia kokoto kuingia kwenye buti. Fikeni mapema tarehe 4 ili kuwe na muda wa kubadilisha. Kwenye begi la kulalia soma namba ya joto la kulala vizuri, usidanganywe na ile ya mwisho kabisa ya kunusurika, na iwe angalau nyuzi 10 chini ya sifuri. Funga na kufungua zipu yote. Liinue dhidi ya mwanga: ukiona mabonge na sehemu tupu, manyoya yamehama. Fimbo zirefushe, zibane, uzilalie kwa uzito wako wote. Ikizama hata kidogo, kataa. Shona shuka jepesi kama mfuko ulale ndani yake, begi la kukodi limelaliwa na wengi.

Mpagazi anabeba kilo 20 kwa kanuni za hifadhi, na mzigo wako usizidi 15. Wewe utabeba kilo tano hadi saba: maji lita tatu, koti la mvua, sweta, chakula cha njiani. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku nchini tangu Juni 2019, na chupa za kutumia mara moja haziruhusiwi hifadhini, kwa hiyo tafuta chupa ngumu tatu za lita moja na mfuko mzito usiopitisha maji wa kuwekea nguo. Hamu ya kula hupotea juu. Tende, korosho na kashata laini za karanga huliwa hata pale wali unaposhindikana. Pedi beba hata kama si tarehe zako, mwinuko huvuruga mpangilio, na zilizotumika zinashuka nawe.

Mazoezi sasa, na goti lako. Goti linalouma kwenye kushuka tu mara nyingi ni misuli ya mbele ya paja na ya nyonga isiyo na nguvu ya kuzuia mwili usianguke mbele. Likiwa linavimba, linakwama au linaachia ghafla, hilo ni la daktari wa mifupa kwanza. Kama sivyo, anza leo zoezi hili: simama kwenye ngazi ya sentimita 15 hivi, mguu wa kulia juu, wa kushoto ukining'inia. Shusha kisigino cha kushoto taratibu ukihesabu hadi nne, kiguse sakafu bila kukiwekea uzito, kisha panda. Simama mbele ya kioo uangalie goti. Lielekee kidole cha pili cha mguu, lisiingie ndani. Mara 10 kila mguu, mizunguko mitatu, siku tatu kwa wiki. Likiingia ndani, tafuta ngazi fupi zaidi.

Wiki nne za kwanza tembea siku nne kwa wiki, dakika 45 hadi 60, kasi ya kuweza kuongea sentensi nzima bila kukatika. Shuka daladala vituo viwili kabla. Kuanzia wiki ya tano ingia kwenye ngazi. Jengo la ghorofa 10 ni kama mita 30 za kupanda. Anza na mizunguko mitano, kila wiki ongeza mitatu, hadi ufike 20, ambayo ni mita 600. Kutoka Kibo hadi Gilman's Point, ukingoni mwa kreta kabla ya Uhuru, ni karibu mita elfu moja, kwa hiyo 600 bila kuhema sana ni dalili njema. Uzito weka maji: chupa tano za lita moja ni kilo tano. Wiki tatu za mwanzo za ngazi panda na mzigo, ushuke kwa lifti ili goti lipate muda. Baada ya hapo mwaga maji juu, ushuke kwa miguu bila mzigo, na kuanzia wiki ya tisa ushuke na mzigo wote. Hapo kwenye kushuka usifanye haraka.

Mwisho wa wiki nenda vilima vya Pugu, utembee kwa muda wa saa tatu, kisha nne, kisha tano, na buti zako na begi lako lilelile. Wiki ya 10 au 11 chukueni treni ya SGR mpaka Morogoro, mpande Uluguru kwa njia ya Morningside Jumamosi, na Jumapili mpande tena miguu ikiwa imechoka. Siku ya pili ndiyo inayokwambia buti linauma wapi na begi linachubua wapi, na hapo bado mna wiki mbili za kurekebisha. Wiki mbili za mwisho punguza kila kitu nusu. Aliyepanda ngazi hadi siku ya kuondoka anafika Mandara amechoka.

Diamox ni dawa ya daktari. Kiasi cha kawaida cha kinga ni miligramu 125 asubuhi na jioni, kuanzia siku moja kabla ya kupanda, na vidonge vingi ni vya 250, kwa hiyo hukatwa nusu. Inakukojoza, vidole vinachonyota, na soda inabadilika ladha. Hizo si dalili za hatari. Aliyewahi kuwashwa au kuvimba kwa Septrin au kwa dawa za SP za malaria amwambie daktari, kwani zina undugu, na wewe umwambie pia majibu ya selimundu. Ijaribu nyumbani siku mbili. Siku sita za Marangu na Diamox ni bora kuliko siku tano na Diamox, usikubali iuzwe kama mbadala wa siku.

Kichwa kuuma na kichefuchefu Horombo ni jambo la kusema, si la kuficha. Ukiwa nacho hupandi hadi kiishe. Mtu akianza kuyumba kama mlevi, mwambieni atembee mstari ulionyooka, kisigino kikigusa kidole cha mguu mwingine. Akishindwa, au akichanganyikiwa, au akihema akiwa amekaa, au akikohoa povu, anashushwa hapohapo hata iwe saa nane usiku. Ubongo au mapafu yanajaa maji, na kusubiri asubuhi kunaua.

Usiku wa kileleni mtaondoka Kibo kama saa sita. Vaa tabaka zote ila moja, uanze ukiwa na baridi kidogo, maana jasho la saa ya kwanza litakugandisha saa ya nne. Glavu nyembamba ndani, nzito juu. Chupa ziweke kichwa chini ndani ya begi, kwani maji huanza kuganda kwa juu, na mfuko wa maji wenye mrija uache Kibo. Betri za tochi ya kichwani ziwe mpya, za akiba na simu zikae mfuko wa ndani karibu na mwili.

Halafu kuna safari ya kushuka, ambayo wengi hawaihesabu. Kutoka Uhuru hadi Horombo siku hiyohiyo ni mita 2,175 kwenda chini, kwa miguu isiyolala, na kesho yake kilomita kama 20 hadi getini. Kucha za miguu zikate tarehe 3, moja kwa moja, zisizidi vidole. Pale Gilman's, kabla ya kuingia kwenye kokoto, keti, fungua kamba zote, piga kisigino chini mara mbili kirudi nyuma, kisha funga upya kwa nguvu kuanzia kifundoni. Refusha fimbo sentimita tano hadi 10. Fimbo zitangulie, goti likunjwe kidogo kila hatua, na hatua ziwe fupi. Mkimbiaji wenu akitaka kuteleza na kokoto mbio, mwache aende.

Majibu ya kipimo yakitoka, tuandikie, pamoja na goti linavyoendelea baada ya wiki nne. Ikiwa bado linauma, tutaupanga upya mzigo na ngazi kabla hujafika ghorofa ya 10.